Mafuriko Yamepita, Ligi Inakuja: Jinsi ya Kuufufua Uwanja kwa Wiki Kumi

Masika huisha Mei, na ligi zetu nyingi huanza Agosti. Katikati pana wiki kumi hivi. Zinatosha kabisa kuurudisha mchezoni uwanja wa nyasi uliofurika, ili mradi kila kazi ifanywe kwa zamu yake.

Viwanja vingi haviuawi na mafuriko yenyewe. Vinauawa na wiki mbili zinazofuata, pale kila mtu anapokuwa na haraka. Greda linaingizwa kwenye tope. Vijana wanaambiwa wacheze tu ili udongo "ukae". Mchanga unamwagwa juu ya matope ili uwanja upendeze machoni. Baada ya hapo mvua ya nusu saa inatosha kugeuza goli la kusini kuwa bwawa, na msimu mzima unapita mnalalamikia mvua.

Mwongozo huu ni wako wewe katibu wa klabu, mwalimu wa michezo au mjumbe wa kamati ya uwanja wa kata. Unahusu uwanja wa nyasi za kawaida wenye vyumba vya kubadilishia nguo, vyoo na jukwaa dogo. Wenye nyasi bandia au ukumbi wa ndani wana sehemu yao fupi karibu na mwisho.

## Elewa kwanza kilichoharibika

Ukoka, nyasi inayofunika viwanja vyetu vingi, huvumilia maji. Unaweza kukaa chini ya maji kwa siku kadhaa na bado ukachipua. Kinachoumaliza ni mambo matatu:

- Kukosa hewa. Mizizi inapumua. Maji yakituama, hewa iliyo ndani ya udongo inakwisha na mizizi inaoza.
- Tope. Mto ukifurika huacha tabaka la udongo laini. Likikauka huwa gumu, halipitishi maji wala hewa. Sentimita mbili au tatu zinatosha kuizika nyasi ikiwa hai.
- Uzito juu ya udongo uliolowa. Udongo mbichi ukikanyagwa na watu au magari hushindiliwa, na vitundu vyake vya kupitishia maji vinajifunga. Ubovu huu hauonekani kwa macho, na ndio unaochukua muda mrefu zaidi kutibika.

Kwa hiyo siri ya kazi yote ni hii: toa maji, toa tope, rudisha hewa, ndipo ushughulikie usawa na nyasi. Ukivuruga mpangilio huo utalipia kazi ileile mara mbili.

KISANDUKU CHA 1: Maji yalitoka wapi?

| Chanzo | Dalili | Maana yake kwako |
|---|---|---|
| Mvua iliyotuama | Maji meupe, tope kidogo | Kazi yako kubwa ni mitaro na kutoboa udongo |
| Mto au korongo | Tope, taka, magogo, vioo | Tope ndilo adui wa kwanza |
| Vyoo na chemba | Harufu, makaratasi, povu | Funga uwanja, mwite bwana afya wa kata |
| Bahari | Ukungu mweupe wa chumvi udongo ukikauka | Sukuma chumvi kwa maji baridi mengi kabla ya kupanda |

Kwa viwanja vya mabondeni, mara nyingi vyanzo viwili vya katikati huja pamoja. Uwanja wa Kaunda wa Yanga pale Jangwani, Dar es Salaam, uko katika bonde la Msimbazi, na mto huo umeujaza maji na tope mara nyingi. Kama uwanja wako uko mahali pa namna hiyo, chukulia kuwa maji ni machafu hata kama hayanuki.

## Hatua ya 1: Usalama na kumbukumbu (siku ya 1 hadi ya 3)

1. Zima umeme kwenye swichi kuu, ikiwa tu swichi yenyewe iko sehemu kavu na unaifikia bila kukanyaga maji. Vinginevyo piga simu shirika la umeme na usiingie.
2. Funga uwanja. Weka kamba na tangazo. Waambie wazazi wa mtaa waziwazi kuwa watoto wasioge wala kuvua samaki kwenye dimbwi la uwanjani.
3. Kagua kuta kabla ya kuzisogelea. Ukuta wa uzio uliolowa msingi unaweza kuanguka siku kadhaa baada ya maji kuondoka. Ukiona ufa mpya au ukuta umeinama, usiruhusu mtu kupita karibu nao.
4. Piga picha kila kitu kabla ya kusafisha. Chukua alama ya maji ukutani, unene wa tope ukiwa umechomeka rula, vifaa vilivyoharibika na milango iliyovimba. Bila picha hizo, maombi ya msaada kwa halmashauri, kwa mfadhili au kwa kampuni ya bima yanakosa nguvu.
5. Andaa wafanyakazi. Gambuti, glovu nene, sabuni na maji safi ya kunawia. Mwenye kidonda mguuni asiingie kwenye tope.

ONYO: Homa ya mgunda. Ugonjwa huu husambazwa na mkojo wa wanyama, wakiwamo panya, na huingia mwilini kupitia michubuko, macho au mdomo mtu anapogusa maji au udongo uliochafuliwa. Mwaka 2022 uliua watu mkoani Lindi. Yeyote atakayepata homa, kichwa kuuma na maumivu makali ya misuli ndani ya wiki nne baada ya kazi hii aende hospitali haraka na *amwambie daktari kuwa alishika maji ya mafuriko*. Aliyekatwa na bati au msumari aulizie pia kinga ya pepopunda siku hiyohiyo.

## Hatua ya 2: Tafuta uwanja wa akiba leo, si mwezi wa saba

Watu huona aibu kuomba uwanja wa jirani, kana kwamba wamekubali kushindwa. Fanya hivyo mapema. Klabu ya Carlisle United ya Uingereza ilifurikiwa uwanja wake wa Brunton Park mwezi Desemba 2015. Ilihamishia mechi za nyumbani katika viwanja vya miji mingine, ikabadilisha nyasi zote, na kabla Januari haijaisha ilikuwa imerudi kwake kuikaribisha Everton katika Kombe la FA. Wale walikuwa na mashine na fedha. Huko Porto Alegre, Brazil, mafuriko ya Mei 2024 yalizamisha viwanja vya timu mbili kubwa za jiji moja. Internacional walirejea kwao Julai, Grêmio wakasubiri hadi Septemba.

Kwa hiyo usimwahidi mtu tarehe. Andika barua kwa chama cha soka cha wilaya ukieleza hali, ambatanisha picha, na taja uwanja mtakaotumia iwapo wenu utachelewa. Uwanja wa akiba unakupa ujasiri wa kusema "bado" pale udongo utakapokuwa bado.

## Hatua ya 3: Toa maji (wiki ya 1)

Kabla ya kukodi pampu, jua una maji kiasi gani. Hesabu ni rahisi:

urefu × upana × kina = mita za ujazo

Uwanja wa mita 105 kwa 68 una mita za mraba 7,140. Maji ya kina cha sentimita 10 ni mita za ujazo 714, yaani lita 714,000. Pampu ya petroli ya inchi tatu ikikupa mita za ujazo 30 kwa saa, itahitaji takriban saa 24 za kufanya kazi. Usiamini namba iliyoandikwa kwenye boksi, kwa sababu mpira mrefu na tope hupunguza kasi sana.

1. Zibua kwanza mitaro na kalavati. Mara nyingi nusu ya maji huondoka yenyewe baada ya kuondoa gunia la chupa za plastiki lililoziba tundu.
2. Chimba shimo la kukusanyia maji nje ya mstari wa pembeni, sehemu ya chini kabisa: upana mita moja, kina sentimita 60 hivi.
3. Weka mdomo wa mpira wa kunyonya ndani ya ndoo yenye matundu, kisha ndoo ndani ya shimo. Hapo pampu haitanyonya tope.
4. Chora kwa jembe vijifereji vyembamba kutoka kwenye madimbwi hadi shimoni. Simama juu ya ubao unapochora ili usishindilie udongo.
5. Elekeza maji mahali yanakoweza kwenda bila kumfurikia jirani.

ONYO: Pampu na jenereta za petroli ziwekwe nje, kwenye hewa. Moshi wake ndani ya chumba cha kubadilishia nguo unaua, na hautoi ishara.

## Hatua ya 4: Ondoa tope (wiki ya 1 hadi ya 2)

Hii ndiyo kazi ngumu kuliko zote, na ndiyo inayoamua kama utakuwa na uwanja. Sentimita moja ya tope juu ya uwanja mzima ni mita za ujazo 71, sawa na tripu kumi za lori la mita saba. Sentimita tano ni tripu zaidi ya 50. Pima unene sehemu ishirini tofauti, tafuta wastani, ndipo uzungumze bei na wenye malori.

Wakati wa kuanza. Tope likiwa uji, kila koleo linalotoka linarudi. Likiwa kavu kabisa, linakuwa jiwe na kung'oka na nyasi. Subiri siku linapoanza kupasuka vipande vipande na kingo za kila kipande kujikunja juu kidogo. Ingiza koleo bapa chini ya kipande na ukinyanyue. Kikitoka kizima, ukaona chini yake nyasi imelala ikiwa na rangi ya manjano, siku yenyewe ndiyo hiyo. Ita watu.

Je, nyasi hiyo ni hai? Usidanganywe na majani. Fuata uti wa ukoka unaotambaa juu ya udongo na uuvunje kwa kucha. Ndani ukiwa mweupe na wenye maji, utachipua. Ukiwa wa kahawia, umelegea na una uvundo, umekufa. Fanya hivyo sehemu kumi za uwanja na uweke kijiti kila penye uhai. Penye vijiti vingi hutapanda upya, na hapo umeokoa fedha nyingi.

Utaratibu wa siku ya tope:

1. Tandika mbao au mabati ya zamani kuwa njia ya matoroli. Lori libaki nje ya mistari.
2. Watu watembee wamejipanga wakiokota vioo, misumari, waya na mifupa *kabla* ya koleo kuanza. Taka hizo ziwekwe kwenye ndoo, zisichanganywe na tope.
3. Anzeni katikati mkielekea pembeni, ili msikanyage palipokwisha kusafishwa.
4. Acheni filamu ya mwisho, kama nusu sentimita. Ikikauka isugueni kwa fagio gumu la chelewa, halafu osheni kwa maji.
5. Tope lililotoka penye kinyesi lipelekwe mahali bwana afya atakapoelekeza.

Usilirudishe tope mtoni. Litaziba mkondo uleule uliokufurikisha, na kwa Tanzania, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda ukanda wa mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kumbuka sheria hiyo pia kabla ya kujenga chochote cha kudumu upande wa mto.

## Hatua ya 5: Rudisha hewa kwenye udongo (wiki ya 3)

Utajuaje kwamba udongo uko tayari kukanyagwa? Chukua kiganja cha udongo kutoka kina cha sentimita tano na uuviringishe kati ya viganja. Ukitengeneza uzi mwembamba usiokatika, bado ni mbichi, ondoka uwanjani. Ukivunjika na kumeguka, ingia.

1. Toboa kwa uma wa bustani au rato lenye meno membamba, kina cha sentimita 10, nafasi ya sentimita 10 hadi 15 kati ya tundu na tundu. Choma, tikisa kidogo mbele na nyuma, chomoa.
2. Tia mkazo kwenye eneo la magoli, katikati na njia ya washika vibendera. Huko ndiko udongo ulikuwa umeshindiliwa hata kabla ya mafuriko.
3. Mwaga mchanga wa mto wenye chembe nene na uusukume kwa fagio uingie kwenye matundu. Nusu sentimita kwa uwanja mzima ni mita za ujazo 36, kama tripu tano. Kama fedha ni kidogo, anza na maeneo ya magoli.

Usitumie mchanga wa baharini, kwa sababu ya chumvi. Usitumie pia vumbi laini la kokoto, maana hujifunga kama saruji.

Jaribio la shimo. Chimba shimo la kina cha sentimita 30, lijaze maji, acha yaishe, kisha lijaze tena. Maji yakishuka chini ya sentimita 2.5 kwa saa, udongo wako haunywi. Kutoboa pekee hakutatosha; unahitaji mitaro.

## Hatua ya 6: Usawa na mitaro (wiki ya 4)

Uwanja mzuri hauko bapa. Katikati huinuka kidogo ili maji yatiririke pande zote mbili. Mteremko wa asilimia moja kutoka katikati hadi mstari wa pembeni, umbali wa mita 34, ni tofauti ya sentimita 34. Kwa wiki kumi usijaribu kuujenga uwanja upya. Lenga nusu ya hiyo pale inapowezekana, na hakikisha hapabaki shimo linaloshika maji.

Huhitaji vifaa vya mpima ardhi. Fundi wa ujenzi yeyote ana mpira mwembamba unaopitisha mwanga, anaoujaza maji kupimia levo ya msingi. Funga kamba kila mita tano, pima, weka vijiti vyenye alama. Mabonde ya chini ya sentimita tatu yajaze taratibu kwa mchanganyiko wa mchanga na udongo wa uwanja wenyewe. Yaliyo na kina zaidi, kata nyasi kama kiraka, inyanyue, jaza chini yake, irudishe.

Kuhusu mitaro, anza na mtaro wa kukinga upande maji yanakotokea, nje ya uzio au nyuma ya goli. Ndio wenye faida kubwa kwa gharama ndogo:

- Kina sentimita 40 hadi 50, na mteremko usiopungua sentimita moja kwa kila mita mbili.
- Uwe na mahali pa kutolea maji palipo chini kuliko uwanja. Mtaro usio na mwisho ni bwawa refu.
- Uwe umbali wa kutosha kutoka mstarini ili mchezaji asitumbukie. Ukiwa karibu, ujaze kokoto.

Ndani ya uwanja chimba mitaro ya kokoto pale tu jaribio la shimo limekwambia hivyo: upana wa sentimita 15 hadi 20, bomba lenye matundu chini kama lipo, kokoto juu yake, na sentimita 10 za mwisho ziwe mchanga na udongo ili nyasi ishike. Kokoto zisiachwe wazi mahali pa kuchezea.

## Hatua ya 7: Nyasi (wiki ya 4 hadi ya 9)

Usipande uwanja mzima kama nusu yake ni hai. Ziba mapengo, ukianzia kwenye maboksi ya penalti. Boksi moja lina mita za mraba 665. Ukipanda kwa nafasi ya sentimita 20 kila upande utahitaji vipando zaidi ya 16,000. Panga watu kwa hesabu hiyo.

1. Vuna ukoka mahali safi, ukate vipande vya sentimita 10 hadi 15 vyenye pingili tatu au nne. Vifunike kwa gunia bichi na vipandwe siku hiyohiyo.
2. Chora mstari, laza kipando, fukia theluthi mbili, acha ncha nje, kanyaga kwa kisigino.
3. Wiki mbili za kwanza mwagilia kidogo asubuhi na jioni. Baadaye punguza idadi ya mara na ongeza kiasi, ili mizizi ifuate maji chini.
4. Baada ya wiki tatu weka mbolea ya CAN, mifuko mitatu ya kilo 50 kwa uwanja mzima. Irushe nyasi ikiwa kavu, mwagilia papo hapo. Usiweke kwenye nyasi iliyotoka mafurikoni leo, kwani mizizi iliyochoka inaungua.
5. Ikifika sentimita sita au saba, kata. Usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mkato mmoja, na kisu kiwe kikali.

Pwani, ukoka wenye maji ya kutosha hufunga ndani ya wiki sita hadi nane. Iringa, Mbeya au Arusha baridi ya Juni na Julai huuchelewesha. Huko, kwa maboksi ya penalti, hamisha vipande vya nyasi vilivyokatwa pamoja na udongo wake kutoka pembeni ya uwanja, kisha panda vipando kule ulikotoa.

## Hatua ya 8: Majengo (sambamba na nyasi)

Usafi. Sabuni kwanza, klorini baadaye. Uchafu huila nguvu ya klorini, hivyo kumwaga jiki juu ya tope ni kupoteza fedha. Baada ya kusugua, changanya kipimo kimoja cha jiki ya asilimia 3.5 na vipimo sita vya maji, paka kwenye sakafu, kuta na mabomba ya bafu, acha dakika kumi, suuza. Usichanganye jiki na dawa nyingine yoyote ya kusafishia choo, maana hutoa hewa ya sumu.

Umeme. Soketi, swichi na breka zilizozama hazikaushwi juani kisha zikarudishwa. Zinabadilishwa. Fundi mwenye leseni apime nyaya zote kabla umeme haujawashwa, na akupe maandishi.

Vyoo. Shimo la karo lililojaa usilinyonye lote wakati maji ya ardhini bado yako juu. Likiwa tupu linaweza kusukumwa juu au kubomoka. Subiri kiwango kishuke.

Kisima. Kitibiwe kwa klorini na maji yapelekwe kupimwa kabla mchezaji hajanywa.

Kuta. Usipake rangi mapema, ingawa ndicho kitu cha kwanza ambacho mgeni rasmi atakiona. Bandika kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita ukutani au sakafuni, ziba kingo zote kwa gundi ya karatasi, acha usiku kucha. Asubuhi ukikuta matone chini yake, jengo bado linatoa maji na rangi itabambuka.

Magoli. Nguzo zilizosimama kwenye udongo uliolowa zinaweza kulegea zikaonekana nzima. Watu wazima wawili wasukume na kuvuta kila mlingoti. Ukicheza, chimba na umwage zege upya. Magoli ya kuhamishika yafungwe chini kila siku, kwa sababu yakimwangukia mtoto yanaua.

## Kwa nyasi bandia na kumbi za ndani

Nyasi bandia, kama zile za Kaitaba mjini Bukoba au Nyamagana jijini Mwanza, haziozi, ila tope hukaa kati ya nyuzi na kuchanganyika na chembe za mpira na mchanga. Usisubiri likauke. Lioshe likiwa bichi kwa maji mengi yasiyo na shinikizo kali, ukisukumia upande mmoja. Kagua viungo vya zulia kwa mkono, palipoachia pashikwe na fundi. Kama tope limepita hadi chini ya zulia, hiyo ni kazi ya kampuni yenye vifaa.

Sakafu ya mbao ikivimba na kujikunja, usiikwangue. Ipe feni na madirisha wazi kwa wiki kadhaa. Mbao nyingine hurudi zenyewe, na ukizikwangua zikiwa zimevimba zitabaki na mabonde zitakapokauka. Mbao zilizong'oka au zenye ukungu chini zitolewe.

KISANDUKU CHA 2: Makosa yanayorudiwa kila mwaka

- Kuingiza greda au roli nzito kabla udongo haujamegeka mkononi.
- Kumwaga mchanga juu ya tope. Utakuwa na tabaka la mchanga linaloteleza juu ya tabaka lisilopitisha maji.
- Kuchoma taka za plastiki uwanjani. Nyasi itakataa kuota mahali hapo.
- Kuchora mistari kwa chokaa. Ikilowa huunguza ngozi na macho ya mchezaji anayeanguka. Tumia rangi ya maji.
- Kuruhusu "mazoezi mepesi tu" wiki ya tano. Vipando vichanga havijui uzito wa mazoezi.

## Wiki ya 10: Fungua au usifungue

Mwagilia uwanja kwa wingi jioni, rudi asubuhi ukague. Kisha chezesheni mechi moja ya majaribio, dakika 45 tu, mkague tena. Pitia orodha hii ukiwa na kocha na refa mmoja asiye wa klabu yenu:

☐ Hakuna maji yaliyotuama saa 12 baada ya kumwagilia
☐ Nyasi ikivutwa kwa mkono haing'oki
☐ Mpira ukiachiwa kutoka urefu wa mita mbili unadunda karibu sawa golini, katikati na pembeni
☐ Watu wamepita uwanja mzima kwa mstari wakitafuta vioo na misumari, mara mbili, siku mbili tofauti
☐ Magoli hayatikisiki
☐ Cheti cha fundi umeme kipo
☐ Vyoo na maji vimekaguliwa na bwana afya
☐ Ukuta na jukwaa havina ufa mpya
☐ Njia ya gari la wagonjwa ni ngumu na wazi
☐ Kama kulikuwa na maji ya vyoo: angalau wiki nne za ukavu na jua zimepita, na bwana afya ameridhia

Alama moja ikikosekana kwenye magoli, umeme, kuta au afya, mechi ichezwe kwenye uwanja wa akiba. Ikikosekana kwenye nyasi, fungueni kwa masharti: mechi moja kwa wiki, mazoezi yote pengine, na maboksi ya penalti yafungwe kwa kamba kati ya mechi na mechi.

Mkishafungua, teueni mtu mmoja mwenye jina na namba ya simu atakayesimamia mitaro. Izibuliwe mwanzoni mwa Oktoba kabla ya vuli, na tena mwishoni mwa Februari kabla ya masika. Bajeti ya kazi hiyo, ambayo ni posho ya vijana wanne na magunia ya taka, ipitishwe katika kikao kilekile kitakachopanga gharama za jezi.